Kinga ya Mama Emmah

Wachumaji chai wa upande wa Nyaramba walizoea kumwona Bosibori akiingia shambani kabla hakujapambazuka vizuri, amejifunika kama mtu anayekwenda kurina asali. Kofia pana, shati la mikono mirefu la mumewe Duke, leso shingoni, na soksi kuukuu mikononi, zimekatwa mahali pa vidole. Jua likianza kupanda juu ya mikaratusi, aliondoka, kikapu hakijajaa.

"Bibi harusi huyo, anatuacha," alisema Lorna, jirani yake wa mistari ya chini.

"Mwache. Anaogopa rangi itaharibika," alidakia mchumaji mwingine.

"Rangi gani? Tazama mashavu! Mama Emmah, Duke anakutumia nini kutoka Nakuru? Tuambie, na sisi tuwapigie wetu simu."

"Mwambie wako akutumie vidonge," Bosibori alijibu, na wote wakacheka, naye akacheka pamoja nao, kwa sababu kueleza kulikuwa kazi kubwa kuliko kucheka.

Mashavu yale hayakuwa ya kunona. Miaka miwili nyuma vidole vyake vilianza kuvimba kila asubuhi, hata akashindwa kukamua ng'ombe. Zahanati ilimtibu malaria. Ikamtibu homa ya matumbo. Kisha brusela, kwa sababu ya maziwa. Nywele zikakatika, vidonda vikamjaa mdomoni, na wekundu ukatokea usoni, ukavuka pua na kutanda mashavu yote mawili. Mwishowe alifika kwa Daktari Adongo, mwanamke wa kutoka upande wa ziwa aliyefanya kazi Kisii mjini, naye akampima damu na kumwambia jina la ugonjwa: lupasi.

"Wewe una shamba?" daktari alimuuliza.

"Tuna chai kidogo na ndizi."

"Basi fikiria umemwajiri mtu wa kupalilia. Ana nguvu, ana jembe kali, lakini hajui kutofautisha magugu na chai. Anang'oa vyote. Kinga ya mwili wako ndiye mtu huyo. Haijapungua. Imepotea njia. Leo iko kwenye viungo na ngozi, kesho inaweza kwenda kwenye figo. Vidonge hivi vitaipunguza nguvu. Vitakuvimbisha uso, utanung'unika, lakini usiviache ghafla hata siku moja. Na jua ulikimbie."

Bosibori aliyashika maneno hayo yote. Alivimeza vidonge, uso ukajaa, vidole vikalainika. Akarudi kukamua.

Boma hilo lilikuwa na nyumba tatu. Ya kwanza, yenye mabati mapya, ilikuwa ya baba mkwe wake, Mzee Ishmael Onyiego. Ya pili ilikuwa ya Duke na Bosibori. Ya tatu, ndogo, nyuma ya migomba, ilikuwa ya Persis, binti wa marehemu kaka yake Ishmael, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Emmah, mtoto pekee wa Bosibori, alikuwa shule ya bweni kule Sironga.

Ishmael hakuwa mtu wa kudharauliwa. Aliingia kiwanda cha chai akiwa mbeba magunia asiyejua kusoma, akahudhuria masomo ya jioni mpaka akawa mpima majani, kisha msimamizi wa zamu. Alinunua kamusi kabla hajanunua redio. Sasa, uzeeni, alikuwa kiongozi wa idara ya afya kanisani. Alisimama kila Sabato ya kwanza ya mwezi na kufundisha juu ya maji, usingizi, mboga na kinga. Hasa kinga. Watu wa rika lake walilijua neno hilo miaka ile ambayo aliyepungukiwa nayo alikonda, akafichwa chumba cha nyuma, akazikwa. Na wakati wa korona yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na kitunguu saumu, tangawizi na sufuria ya kujifukiza, na katika boma lake hakufa mtu. Hilo watu walilikumbuka, naye pia alilikumbuka.

Lakini kati yake na mke wa mwanawe kulikuwa na chinsoni, ile heshima ambayo kwa Abagusii haikuandikwa popote na haihitaji kuandikwa. Baba mkwe havuki kizingiti cha nyumba ya mwanawe. Hampi mkwe wake mkono. Hataji mwili wake, wala mkwe hautaji mwili huo mbele yake. Jacinta, mke wa Ishmael, alipokuwa hai, yeye ndiye aliyepeleka maneno ya huku na kuleta ya kule. Jacinta alipofariki, kazi hiyo ilimwangukia Persis.

Persis alikuwa mchangamfu, mwenye maneno mengi, na ilimpendeza kuwa mtu wa kuaminiwa na pande zote mbili. Jioni moja, akimpelekea Ishmael uji wa wimbi, alisema, akimwita tata, yaani baba, kama walivyomwita wanawake wa boma:

"Tata, hivi unajua vile vidonge vya Mama Emmah vinafanya nini?"

"Vya mifupa?"

"Si vya mifupa. Daktari mwenyewe alimwambia vinapunguza kinga."

Ishmael aliweka kikombe chini. "Vinaongeza kinga."

"Vinapunguza, tata. Nimemsikia Mama Emmah kwa masikio yangu. Anasema kinga yake imezidi."

"Kinga haiwezi kuzidi, Persis. Ni kama kusema mtu amezidi afya." Akakisogeza kikombe kando. "Huyo daktari ni wa wapi?"

"Wa kule ziwani."

"Sisemi lolote juu ya kule. Nauliza tu amesomea wapi mambo ya kumwondolea mtu kinga."

Usiku huo alivisoma vitabu vyake vya afya, kimoja baada ya kingine. Hakuna kilichotaja ugonjwa wa kinga kupotea njia. Vyote vilisema kinga ni uhai. Hakuwa na nia mbaya. Alimwona mke wa mwanawe amevimba uso, anakimbia jua ambalo Mungu alilitoa bure, na alijua kwamba kama angekuwa binti yake mwenyewe asingekaa kimya.

"Mwambie Mama Emmah," alimwagiza Persis asubuhi, "aache hivyo vidonge. Avilete kwangu. Nitamtengenezea dawa ya kuinua kinga. Mwambie ni mimi nimesema."

Bosibori alimsikiliza Persis akiwa amesimama jikoni, mwiko mkononi.

"Daktari alisema nisiviache ghafla."

"Nimemwambia."

"Ulimwambia hivyo? Ghafla?"

"Nimemwambia daktari ndiye aliyekupa." Persis aliangalia kando. "Mama Emmah, mzee amekesha anasoma. Kwa ajili yako. Nani mwingine ana baba mkwe wa namna hiyo? Wa Lorna hata hajui kama Lorna ana kichwa."

Bosibori alimpigia Duke simu. Duke alikuwa fundi wa mabomba Nakuru, na nyuma yake zilisikika nyundo.

"Baba amesema?"

"Amesema."

"Basi msikilize. Wakati wa korona hukuona? Mimi nikiwa huku naweza kubishana na baba juu ya dawa? Nitaanzia wapi?"

Siku mbili Bosibori hakutoa vidonge. Siku ya tatu alikutana na Ishmael kwenye njia ya kisimani, wakasimama mbali kwa mbali kama ilivyo desturi, yeye akiwa ameinamisha macho.

"Habari ya nyumbani, Mama Emmah."

"Nzuri, tata."

"Ujumbe wangu ulifika?"

Bosibori alikuwa na maneno. Aliyapanga tangu jana yake: viungo, damu, figo. Kila neno lilikuwa la mwili.

"Ulifika, tata."

"Vyema."

Jioni akampa Persis vidonge vyote, katika mfuko wake wa karatasi. Ishmael alivitupa chooni.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, chupa ilikaa kwenye jiwe lililo karibu na mlango wa Bosibori. Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, asali, na unga wa kijani ambao Ishmael aliusafiria mpaka soko la Suneka, kwa muuzaji aliyesema unaamsha kinga iliyolala. Ishmael aliiweka chupa, akakohoa mara moja ili ajulikane, akaondoka bila kugeuka. Bosibori aliinywa yote. Ilimchoma vidonda vya mdomoni, lakini hakumwaga hata tone. Kumwaga kungekuwa kumtukana.

Na kwanza ilionekana Ishmael ameshinda. Uso wa Bosibori ulipungua. Mashavu yakarudi kama ya bibi harusi wa kweli. Kanisani watu walimpongeza mzee, naye akasema, "Ni Mungu na majani yake." Lorna alimwambia Bosibori shambani, "Sasa umekuwa mtu. Vua hiyo kofia tukuone."

Alipovua kofia, wekundu ulikuwa umerudi.

Vidole vilifuata. Kisha uchovu ambao haukuwa uchovu wa kazi. Aliamka nao, kama mtu aliyelala chini ya gunia la mahindi. Kisha asubuhi moja viatu vyake vya Sabato vilikataa kuingia miguuni. Alidhani ni mvua imevikunja. Kufikia katikati ya juma hata kandambili ziliacha alama. Na alipokwenda haja ndogo, alikuta povu limejaa, halikatiki, kama mtu amemwaga maji ya kufulia.

Alimwita Persis, akafunga mlango.

"Mwambie tata narudi kwa daktari. Mwambie miguu imevimba mpaka magoti. Na mwambie…" Alishindwa, akaanza tena. "Mkojo wangu una povu. Daktari alisema nikiona povu nisilale nyumbani. Mwambie hivyo hivyo, Persis. Usipunguze."

"Nitamwambia."

"Hivyo hivyo."

"Nimesikia, dada."

Persis alimkuta Ishmael kivulini akitayarisha mafundisho ya makambi, ule mkutano mkubwa wa Agosti ambapo makanisa ya jirani hukusanyika uwanjani kwa juma zima. Alikuwa amechora kwa rangi mwili wa mtu kwenye karatasi kubwa, na kuuzungushia ukuta wa matofali ulioandikwa KINGA. Aliinua macho, mwenye furaha.

"Anasemaje Mama Emmah?"

Persis alifungua mdomo. Mbele yake alikaa mzee wa kanisa, ndugu wa baba yake, mtu aliyempokea aliporudi na sanduku moja. Neno mkojo, la mke wa mwanawe, halikupata njia.

"Anakusalimia sana, tata. Anasema mwili umechoka kidogo. Na miguu… inamsumbua kidogo. Anafikiri amwone daktari."

"Miguu ni kusimama shambani. Apumzike. Kwa daktari tutaangalia makambi yakiisha." Akafikiri. "Nitaongeza kitunguu."

Kwa Bosibori, Persis alisema, "Amesema upumzike, mtaangalia makambi yakiisha."

"Ulimwambia juu ya povu?"

"Amesikia yote."

Bosibori alikaa kitandani. Kama mzee alikuwa amesikia yote, hata povu, na bado akasema angoje, basi pengine alijua jambo ambalo yeye hakulijua. Nauli ya Kisii alikuwa nayo. Ruhusa hakuwa nayo. Akangoja.

Sabato ya makambi boma lilibaki tupu. Bosibori hakwenda, kukaa uwanjani juani asingeweza, na kichwa kilimgonga tangu usiku. Kabla ya saa ya mafundisho ya afya Ishmael aligundua amesahau ule mchoro wake, akarudi nyumbani kuuchukua. Alikuwa ametoka nao mkononi aliposikia kitu kizito kikianguka ndani ya nyumba ya Duke, na sufuria ikibingirika.

Alikwenda mpaka kwenye lile jiwe. Chupa ya asubuhi ilikuwa bado imejaa.

"Mama Emmah?"

Sauti ikajibu, nzito, kama ya mtu aliyelewa. "Tata… usiingie. Sijavaa vizuri."

"Umeanguka?"

"Sioni vizuri. Niitie Persis."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ishmael aliugeuzia mgongo, kama inavyotakiwa, akasimama akitazama migomba. "Nakwenda kumwita," alisema. "Usiogope."

Simu ya Persis ilikuwa imezimwa, maana alikuwa kwenye kwaya. Ishmael alipanda kilima kuelekea uwanjani. Hakukimbia. Mzee wa kanisa akionekana anakimbia siku ya Sabato, mkutano wote ungesimama na kumfuata mpaka kwenye nyumba ambayo mkwe wake hajavaa vizuri. Basi alitembea haraka awezavyo, mchoro ukiwa bado umekunjwa kwapani. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Alisubiri ubeti uishe, akampungia Persis mkono.

Walimkuta Bosibori sakafuni, macho yamegeuka, mwili wote ukitetemeka na taya zimekaza. Persis alipiga yowe. Ishmael alisimama nje, mkono umeshika mwimo wa mlango, na mguu wake haukuvuka. Majirani wawili waliomfuata Persis ndio waliombeba.

Katika hospitali ya Nyamira walimtuliza mtetemeko, wakampakia kwenye ambulansi kwenda Kisii. Jioni hiyo Duke aliwasili kutoka Nakuru, na kesho yake Daktari Adongo akawaita nje ya wodi.

"Shinikizo la damu lilipanda mpaka kichwani," alisema. "Figo zimeshambuliwa vibaya sana. Tumemweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Sitawadanganya, sidhani zitarudi. Sasa naomba mniambie. Alikuwa anaendelea vizuri. Nani alimwachisha dawa?"

Duke alimtazama baba yake. Persis aliitazama sakafu.

"Ni mimi," Ishmael alisema.

"Kwa nini, mzee?"

"Niliambiwa zinapunguza kinga."

"Ndiyo kazi yake."

"Mimi nilijua kinga kuwa kitu kimoja tu."

Daktari hakumkaripia, na hilo lilimuumiza Ishmael zaidi. Aliuliza tu, "Na alipoanza kuvimba? Mwanamke huyu nilimfundisha dalili mwenyewe. Alipoona povu kwenye mkojo hakumwambia mtu?"

"Mimi sikuambiwa," alisema Ishmael. "Niliambiwa miguu inamsumbua kidogo."

"Baba, alimwambia Persis!" Duke alisema. "Mama Emmah amenieleza mwenyewe leo asubuhi, wodini. Alimwambia Persis aseme hivyo hivyo!"

Persis alianza kulia. "Ningesemaje? Wewe ungeweza kusema neno hilo mbele yake? Mbele ya baba yako? Wewe mwenyewe, Duke, hata kwa simu ulishindwa!"

Duke alikwenda akasimama dirishani, akiwapa mgongo.

Ishmael alikaa kwenye benchi la ukumbini siku hiyo nzima na iliyofuata. Wagonjwa walipita na drip zao, akina mama walipita na vyakula. Wodi ilikuwa ya wanawake, na mkwe wake alikuwa amelala. Hakuna mtu wa kwao ambaye angemtarajia aingie. Siku ya tatu alimwita Persis karibu.

"Nenda umwambie Mama Emmah," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kanisani, "umwambie namwomba msamaha. Umwambie sikujua."

Persis alijifuta uso kwa leso. "Hapana, tata."

"Unasema?"

"Sibebi tena. Nitafua nguo, nitapika, nitalala hapa sakafuni. Maneno yako mpelekee mwenyewe."

Hakuna mtu wa boma lile aliyewahi kumjibu hivyo. Ishmael akaweka kofia yake kwenye benchi, akainuka, akapita mlango wa wodi akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayepita mlango mfupi, ingawa mlango ulikuwa mrefu.

Bosibori alimwona akija. Mkono wake ulivuta shuka mpaka kidevuni. Mpira wa mashine ulikuwa umeshonewa shingoni mwake, chini ya sikio. Nywele zilikuwa zimebaki vishada.

"Tata," alisema kwa mshtuko.

"Mama Emmah." Hakujua pa kuweka macho. Akayaweka kwenye ukuta. "Nimekuja kukwambia… Sikuambiwa. Kama ningeambiwa…"

"Ungefanya nini?"

Alitaka kusema angempeleka kwa daktari usiku uleule. Lakini alikumbuka alivyokuwa kivulini pale, na rangi zake, na furaha yake, na hakuwa na uhakika.

"Sijui," alisema.

Bosibori alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka Ishmael akadhani amelala. Kisha akasema, bila kuyafumbua, "Likizo iliyopita Emmah aliniambia vidole vinamuuma asubuhi."

Ishmael akashika chuma cha kitanda.

"Daktari anasema huenda si kitu," Bosibori aliendelea. "Huenda ni kuandika sana. Lakini ugonjwa huu hupenda kutembea kwenye familia. Mimi sijui nitakuwepo kwa muda gani. Duke yuko Nakuru. Aliyeko nyumbani ni wewe. Akianza kuumwa, ataogopa kukwambia, kama mimi. Ni msichana. Utamwambia nini, tata? Kwamba amechoka kidogo?"

"Nitamuuliza."

"Utamuuliza nini?"

Midomo ya Ishmael ilisogea, na mama mmoja wa kitanda cha jirani aligeuka kumtazama mzee huyu aliyevaa tai, aliyekuwa akihangaika kama mtoto darasani.

"Nitamuuliza kama… kama mkojo una povu."

"Na miguu."

"Na miguu."

"Utaijuaje?"

Bosibori alitoa mkono chini ya shuka, akashika pindo lake, na polepole, akiwa ameuma meno, akaifunua miguu mpaka magotini. Miguu ilikuwa mikubwa, inang'aa, ngozi imevutika kama ya ndizi mbivu iliyo karibu kupasuka. Ishmael aligeuza uso.

"Hapana," alisema Bosibori. "Angalia, tata. Kisha bonyeza. Hapo mbele, kwenye mfupa."

Mzee hakuwa amewahi kumgusa, hata siku alipoletwa bomani kama bibi harusi. Aliweka kidole gumba, akabonyeza kidogo, akakiondoa. Shimo likabaki. Alingoja lijae, kama linavyojaa kwa mtu yeyote, na halikujaa; lilikaa pale kwenye mguu wa mke wa mwanawe, umbo la kidole chake, naye akalitazama.